Kilio cha Mutu Muzima

Mbele ya yote, simu zenu zote muziweke hapa juu ya meza nizione. Zote. Na wewe Aline, ile yako igeuze uso chini, juu najua tabia yenu ya kurekodi sauti ya mutu, halafu kesho najikuta kwenye grupe ya promosheni, ya wale wote tulisoma nao, watu wananichekea toka Goma mpaka Kinshasa. Bon. Aibu hii nitaisimulia mara moja tu, na naisimulia juu nimechoka kuisikia kwa midomo ya watu wenye hata hawakukuwako, kila mumoja anaongeza chumvi yake, kuko hata mwenye anasema tulichimba kaburi. Kaburi hatukuchimba. Yale tulifanya yanatosha.

Munajua mwaka ule wa kwanza baro ilinikataa. (Kwa huyu mugeni wa Aline, mwenye simujui na mwenye ameanza kucheka mapema: ukimaliza sheria hauwi avoka vile tu. Lazima baro, ile chama ya maavoka, ikukubali kwa staji, uape mbele ya majaji, halafu umufuate avoka mumoja muzee, ndiye anaitwa patron, umubebee dosie zake mpaka ujue kazi. Bila staji, lisansi yako, ile diploma ya univerisite, unaifunga kwenye kioo na unaiangalia.) Nilipeleka dosie yangu, nikangoja, jibu likafika: hapana, ujaribu tena mwaka kesho. Mutu mwingine angeenda pale sekretariati aulize juu ya nini. Mimi nikasema, nikiuliza watanidanganya, sasa nitaenda kufanya nini kule? Nikakaa nyumbani, nikaanza kutafuta mwenyewe ni nani aliniharibia.

Juu lazima kulikuwa mutu. Mbele wakukubali, baro inatuma avoka mumoja kwenye avenyu yenu, anaulizauliza tabia yako kwa majirani: huyu mutoto anaishi namna gani, anagombana, anaiba, anasalimia watu? Sasa kama mimi siibi, sigombani, na nasalimia (karibu wote), nani alifungua kinywa? Nikawapitisha majirani mumoja kwa mumoja ndani ya kichwa yangu, na kila mara nilikuwa naishia pa mulango mumoja, mulango wa Maman Zawadi.

Maman Zawadi anakaa chini yetu. Huku kwetu Kadutu munajua mulima ulivyo, nyumba imekaa juu ya nyumba, na mvua ikinyesha maji ya mabati yetu yalikuwa yanashuka moja kwa moja kwenye jikoni yake. Mwaka ule mvua ilimubebea makala yake yote mpaka barabarani, akapanda kwetu na kikwembe kimelowana, akasema, "Nsimire, mutuchimbie basi mufereji." Na mimi, na lisansi yangu ingali na joto, nikamujibu mbele ya watu, "Maman, kama unaona uko na haki, shitaki." Akageuka, akashuka. Wiki ile ile nikamuona kwenye mulango wake na mwanaume mumoja mwenye sakoshi ya ngozi, wanaongea, wanaongea, wanacheka, na yeye ananyoosha kidevu chake kuonyesha nyumba yetu. Kisha tu hapana ikafika. Hiyo haiko ushahidi? Kwenye fakulte walitufundisha ushahidi, na mimi niliona sihitaji mwingine.

Toka siku ile, akinisalimia, najua anapeleleza. Akitutumia sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, naacha mama yangu aonje kwanza, halafu namuangalia mama mpaka kesho yake asubuhi kama iko sawa. (Ndiyo, mama yangu muzazi. Munaweza kucheka, simu ziko pale juu ya meza.) Mama aliniambia, "Nsimire, roho yako hii ya kushukushuku watu itakutoa pabaya." Nikajiuliza juu ya nini anamutetea hivi.

Mwaka uliofuata nikapata patron mwingine, Maître mumoja muzee (Maître njo jina la heshima la avoka), mwenye ofisi yake na heshima yake. Aliniambia waziwazi: "Kiti kiko. Lakini sitakiacha wazi kila mwaka. Wakikukataa tena, nitakipatia mwingine." Mama alienda kwenye soko ya Nyawera siku ile ile kununua kitambaa cheusi cha kushona robe, lile joho la avoka, akakiweka chini ya nguo zake za misa. Kwa hiyo munaelewa, haikukuwa muchezo. Ilikuwa ni mwaka ule ama nirudi kufundisha sivike, masomo ya uraia, kwenye shule moja ya baridi penye nilikuwa nafundisha, watoto wananiita "Maître" kwa kunicheka.

Sasa njo Aline huyu (usiangalie chini, ni wewe), mwenye anatumika pale kwa sekretariati, akanipenyezea habari: avoka wa kuuliza atapita kwetu alhamisi. Nilimushukuru, na nikajiuliza pia anapata faida gani kwa kuniambia. Lakini habari nilikuwa nayo, na nikakata shauri moja, dogo kabisa, la siku moja tu: alhamisi ile Maman Zawadi asikuwe kwenye avenyu.

Maman Zawadi ana kaka yake upande wa Kalehe, Tonton Mihigo, kule juu mulimani penye rezo ya simu inakuja siku inapenda. Nikasema, asubuhi namupelekea habari kama kaka yake anaugua, anachukua boti, anafika, anamukuta muzima, wanafurahi, wanakula, kesho yake anarudi. Nani amepoteza? Hakuna. Dada anamutembelea kaka. Nilijiona hata namufanyia mema.

Alhamisi asubuhi nikamukuta anachekecha unga mbele ya mulango. Nikaweka uso wa huruma (niliufanyia mazoezi kwenye kioo), nikasema:

"Maman Zawadi, kuko mama mumoja amepita hapa, ametoka Kalehe. Anasema Tonton Mihigo anaugua kidogo. Wanaomba ufike leo."

Chekeche ikaanguka. Akaniangalia, halafu akatoa sauti moja yenye nafikiri mpaka Cimpunda waliisikia.

"Mihigo weee! Mihigo wangu! Nani sasa atanizika mimi?"

Nyinyi wote muko watu wa huku, kosa langu mumekwisha kuliona. Kwetu nani amewahi kuletewa habari ya kifo ikaitwa kifo? Hakuna mutu anasimama mbele ya mulango wa mwenzake aseme fulani amekufa. Wanasema anaugua kidogo, fika. Na wewe ukisikia "kidogo" na ukisikia "fika leo", unajua, unakaa chini. Babu yangu alipokufa, mama walimuambia muzee amepata mafua. Mimi mwenyewe nilikuwako. Nilijua hiyo desturi toka utoto, na asubuhi ile kichwa yangu ilikuwa imejaa avoka na sakoshi, haikuingia hata kidogo.

Nikamushika mikono. "Hapana, Maman! Iko muzima! Anaugua kidogo tu!"

"Wananificha! Mpaka huyu mutoto wanamutuma anifiche!"

"Anakula, Maman! Wamesema anakula, anaongea vizuri!"

Jirani mumoja alikuwa amekwisha kufika, akapiga makofi ya huzuni, akasema, "Eeeh, masikini, kumbe ilikuwa ghafula. Mpaka jana alikuwa anakula."

Kila neno nilikuwa natoa ili kumufufua Tonton Mihigo lilikuwa linamuzika zaidi. Wanawake wakaanza kushuka na kupanda toka kila upande, wengine na mukeka, wengine wamejifunga kikwembe kiunoni, wanalia mbele hata ya kuuliza ni nani. Na mimi, munajua niliwaza nini? Niliwaza, huyu Maman Zawadi anajua. Ameona hila yangu, na machozi haya ni ya maksudi, ili asitoke. Naapa, nilikuwa nimemushika mukono na namuchungulia macho yake kama yanalowana kweli. Yalikuwa yanalowana kweli.

Nikajaribu tena: "Maman, si uende basi? Boti iko karibu kutoka."

Shefu wa avenyu, mwanaume munene mwenye anapenda kilio kuliko arusi juu kwenye kilio yeye njo anapanga watu, akaniangalia vibaya. "Aende peke yake, na moyo huu? Wewe Maître, umesoma, lakini ya watu hujui. Leo tunakaa na yeye. Kesho tunashuka wote Kalehe."

Basi. Mutu nilitaka asikuwe kwenye avenyu siku ile, nikamufunga katikati ya avenyu mimi mwenyewe. Wanaume wakaleta viti vya plastiki toka kanisa, wakaleta bashi kubwa la kukinga mvua, na upande mumoja wa bashi wakaufunga wapi? Kwenye mabati ya kwetu. Mama yangu akatoa sufuria yake kubwa ya arusi, akaanza kupika maharagwe huku anafuta machozi, na akaniambia, "Aksanti, mutoto wangu, umefanya vizuri kumushikilia." Nilitamani ardhi ipasuke.

Mungeniuliza juu ya nini sikusema ukweli pale pale. Nilitaka. Lakini kila nikifungua kinywa naona watu wameongezeka, na kila aliyefika alikuwa anataka kusikia kwangu, juu mimi njo nilikuwa mwenye kuleta habari, nikapewa hata kiti cha mbele. "Nani alikuambia?" Nikajibu, mama mumoja mwenye kikwembe cha kijani. "Aliugua nini?" Tumbo. "Iliuma upande gani?" Wa kushoto. Nilikuwa naongeza tu, na wao wanatikisa kichwa, na kuko muzee mumoja akasema ndiyo, ya kushoto njo inauaka.

Jua lilikuwa limeanza kushuka wakati avoka alipofika. Nikamujua kwa viatu, viatu vyeusi vyenye kungaa na tope ya Kadutu mpaka kwenye kamba. Na kwa sakoshi. Sakoshi ile ile ya ngozi. Akauliza nyumba ya mademoiselle Nsimire, na shefu akamujibu kwa heshima yote, "Papa, karibu. Lakini huku tuko kwenye msiba, salimia kwanza mwenye kufiwa." Wakamupatia kiti. Wapi? Pembeni ya Maman Zawadi, goti kwa goti.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na sinia ya vikombe. Nikasikia yote.

"Pole sana, Maman."

"Aksanti, Papa Maître. Nakujua. Ulikuja na mwaka jana."

"Ndiyo, Maman. Nimerudi juu ya yule yule binti."

"Nsimire?" Akajifuta uso na kikwembe. "Mwaka jana nilikuambia nini? Nilikuambia huyu mutoto kinywa yake iko na moto, tulicheka na wewe, lakini roho yake haina shida. Na leo nakuambia tena. Asubuhi hii nimeanguka, nani amenishika? Ni yeye. Alikuwa ananificha kifo cha kaka yangu ili nisiumie, analia na mimi. Andika, Papa. Andika vizuri."

Avoka akageuka, akaniona, akanitikisia kichwa kwa upole. "Mademoiselle, umebahatika na majirani. Mwaka jana pia hapa hakuna mutu alikusema vibaya. Patron wako wa ule wakati alikuwa na wanastaji wengi kupita ile inaruhusiwa, njo ilikuwa shida. Haukupita kuuliza?"

Mwaka muzima! Mwaka muzima nimemukunjia uso mama wa watu, nimemuonjesha mama yangu sombe, na jibu lilikuwa pale sekretariati, kwenye meza ya Aline, lilikuwa linangoja tu niulize. Na bado, musikilize ujinga wangu ulivyo murefu, hata pale sikusema kitu. Nikawaza, avoka ataandika mazuri, ataenda, na mangaribi nitakuja na habari mupya kama Tonton Mihigo amepata nafuu, watu watamushukuru Mungu, kwisha.

Tonton Mihigo hakungoja mangaribi.

Kumbe shefu wa avenyu, kwa kupenda kupanga, alikuwa amempigia simu mutu mumoja pa bandari ya Kalehe: kuko kilio huku Bukavu kwa Maman Zawadi, ujulishe jamaa. Hakutaja nani amekufa, juu kwenye simu mutu wa heshima hataji. Na yule wa Kalehe, naye mutu wa heshima, akapanda mulima, akamukuta Tonton Mihigo kwenye shamba yake ya kahawa, na kwa sauti ya pole akamuambia, "Dada yako anaugua kidogo. Ushuke Bukavu leo." Tonton Mihigo hakuvaa hata shati ingine. Alirukia kanoti ya kwanza.

Tulisikia tu sauti inapanda toka chini ya avenyu, sauti ya mwanaume muzima analia bila haya: "Dada yangu weee! Zawadi wangu weee! Umeniacha na nani?" Akatokea, mikono juu ya kichwa, macho yamefungwa na machozi, akapita katikati ya viti, wanawake wenye hawamujui wakamupisha na kumulilia, akajitupa kwenye mukeka, miguuni pa dada yake, na akaendelea kumulilia.

Maman Zawadi akainamisha uso kumuona ni nani.

Yesu Maria! Sijawahi kuona watu wanakimbia vile. Nusu ya kilio ilipita kwa jirani yetu mama Charlotte, nusu ingine kwenye mufereji, muzee wa upande wa kushoto alikuwa wa kwanza na fimbo yake akaiacha, mutu akavuta kamba ya bashi, bashi likashuka na bati moja la kwetu, maharagwe yakamwangika, na avoka akabaki amekaa kwenye kiti chake, bashi kichwani, kiatu kimoja ndani ya maharagwe. Chini ya bashi, dada na kaka walikuwa wanashikanashikana uso. "Ni wewe?" "Ni wewe?" "Hukufa?" "Mimi? Wewe njo ulikufa!"

Wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Watu wakaanza kurudi polepole. Na mimi nilikuwa narudi nyuma kuelekea mulango wetu wakati shefu aliuliza kwa sauti kubwa: "Sasa nani alileta habari?"

Avenyu nzima ikageuka.

"Ni mama mumoja," nikasema. "Mwenye kikwembe cha bluu."

"Ulisema kijani," mama yangu akasema. Masikini, alikuwa anataka kunisaidia kukumbuka.

Avoka alikuwa anatoa haragwe kwenye kiatu. Hakuinua sauti. "Mademoiselle, bluu ama kijani? Alipita saa ngapi? Nani mwingine alimuona?"

Nilisoma namna ya kumuuliza shahidi maswali, lakini sikuwa nimejua namna inavyokuwa ukiwa shahidi. Nikavumilia maswali mawili. La tatu nikaanza kulia, nikasema yote, mbele ya wote: hakukuwa mama, hakukuwa kikwembe, nilitaka tu Maman Zawadi atoke, juu nilijua atanisema vibaya.

Hakuna mutu alinitukana. Ingekuwa rahisi. Mama yangu aliweka mwiko chini, akaingia ndani. Tonton Mihigo aliniangalia kama mutu anayetafuta kuelewa lugha ya kigeni.

Avoka akafunga sakoshi, akamugeukia Maman Zawadi. "Maman, sasa niandike nini?"

Alikuwa angali ameshika mukono wa kaka yake. "Mwaka jana nilikuambia, Papa. Mwaka huu, na wewe ulikuwa hapa."

Avoka akasimama, akaaga watu wote na kushuka mulima. Shefu akasema chakula kisipotee, wakachota yale maharagwe yaliyobaki kwenye sufuria, na Tonton Mihigo akala kwenye kilio chake mwenyewe, sahani mbili, watu wanakufa na kicheko. Mimi nilikuwa nyuma ya mulango.

Baro ikanikataa. Safari hii nilienda kuuliza juu ya nini (Aline hakuweza hata kuniangalia), na hakukuwa mutu wa kumushitaki. Kiti kwa patron muzee kikapewa kijana mumoja wa Bagira. Nikaenda na mama kumuomba Maman Zawadi musamaha, tukapiga magoti, na alitusamehe. "Nimekusamehe, mutoto wangu, kwenye moyo sina kitu. Lakini siku watakuja tena kuuliza, mimi nitakuwa Kalehe." Nilifikiri ni muzaha.

Mwaka huu nimeomba tena. Avoka mupya atapita siku hizi. Na juzi asubuhi nikamuona Maman Zawadi anafunga mufuko. Nikamukimbilia, nikamubebea ule mufuko mpaka bandarini, njia nzima namusihi: Maman, bakia, hata useme mabaya, bakia tu.

"Niseme nini?" akaniambia. "Nikisema mazuri, nitakuwa mwongo. Nikisema mabaya, mama yako ni rafiki yangu. Afazali nisikuwepo."

Alichukua mufuko kwenye mikono yangu, akapanda, na boti ikiondoka akanipungia mukono vizuri tu, bila hasira. Nimeapa pale pale penye maji: mutu nikimushuku tena, namuuliza yeye mwenyewe, uso kwa uso, hata kama jibu litaniumiza. Kinywa kimoja kilikuwako cha kunisemea kwenye avenyu yetu, na mimi nimekibebea mufuko.